Waziri Mkuu Anaanzia Kwenye Daftari la Chama

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Ottawa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Naona nyuso za Bujumbura na Bukavu, za Kampala, za Mombasa, za Dar es Salaam na Unguja. Walioandaa mkutano huu Mungu awabariki, na zaidi wale waliokesha jikoni kwa ajili yetu.

Nimeombwa nieleze jinsi vyama vya siasa vya Kanada vinavyompata kiongozi mpya. Siku niliyoombwa, mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, hayo ni mambo yao wenyewe. Sisi tungoje uraia kwanza, kupiga kura kutafuata." Mzee wangu huyo yuko hapa leo. Nimemwomba ruhusa nimjibu mbele ya watu, naye ameniruhusu.

Jibu langu naanza na tarehe 9 Machi 2025. Siku hiyo, hapa hapa Ottawa, chama cha Liberal kilitangaza matokeo ya kumtafuta mrithi wa Justin Trudeau. Kura zilizopigwa zilikuwa 151,899. Mark Carney alipata 131,674, karibu asilimia 86. Chrystia Freeland, aliyekuwa waziri wa fedha mpaka Desemba iliyotangulia, alipata asilimia 8. Siku 5 baadaye Carney aliapishwa mbele ya Gavana Mkuu Mary Simon, mwakilishi wa Mfalme, kuwa waziri mkuu wa nchi hii. Hakuwa mbunge, na kabla ya hapo hakuwahi kuwa mbunge. Alikuwa mtu wa benki kuu: gavana wa Benki Kuu ya Kanada, kisha gavana wa Benki Kuu ya Uingereza. Uchaguzi mkuu ulikuja tarehe 28 Aprili, wakati yeye tayari anakalia kiti.

Fikirini hesabu hiyo. Nchi ina watu zaidi ya milioni 40. Waliomchagua mtu wa kuwa waziri mkuu hawakufika hata mmoja katika kila watu 200. Wala hakuna sheria iliyovunjwa. Ndivyo utaratibu wa Bunge ulivyo hapa: siku ya uchaguzi mkuu karatasi yako ina majina ya wagombea ubunge wa jimbo lako tu. Jina la waziri mkuu halimo, isipokuwa kama unaishi jimboni kwake. Anayekuwa waziri mkuu ni kiongozi wa chama kinachoungwa mkono na wabunge walio wengi. Na kiongozi huyo huchaguliwa na watu ambao majina yao yamo kwenye daftari la chama. Ukiingia mwishoni unakuta chakula kimeshapakuliwa. Wewe unachagua sahani tu.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane kwenye neno moja. Nikisema "mkoa" nina maana ya Ontario, Quebec, Alberta na wenzake. Nikisema "jimbo" nina maana ya jimbo la uchaguzi, lile linalotoa mbunge mmoja. Sasa hivi yapo 343. Neno hilo lishikeni, tutalirudia.

Zamani wanachama hawakuulizwa kitu. Mwezi Desemba 1894 waziri mkuu John Thompson alifia ndani ya kasri la Windsor kule Uingereza, na aliyeamua nani ashike nafasi yake ni Gavana Mkuu, Lord Aberdeen. Akamwita Mackenzie Bowell. Kwa kawaida viongozi walipatikana kwa wabunge kunong'onezana, na kiongozi anayeondoka kumnyooshea kidole mwenzake. Mambo yalibadilika mwaka 1919. Wilfrid Laurier, aliyekiongoza chama cha Liberal zaidi ya miaka 30, alifariki mwezi Februari. Chama kilikuwa kimeshapanga mkutano mkubwa wa kujadili sera. Mkutano huo ukageuka kuwa wa kumtafuta mrithi. Wajumbe kutoka nchi nzima wakakutana hapa Ottawa mwezi Agosti na kumchagua William Lyon Mackenzie King katika duru ya tatu. King alikuja kuwa waziri mkuu kwa zaidi ya miaka 21. Wahafidhina, yaani Conservative, wakafuata mwaka 1927, kule Winnipeg, wakampata R. B. Bennett. Kuanzia hapo ikawa desturi: anayemchagua kiongozi ni mkutano mkuu wa wajumbe.

Mikutano ile ya wajumbe nataka niikalie kidogo, kwa sababu sisi tunaifahamu hata kama hatujawahi kuiona. Mtanzania yeyote hapa anaufahamu ule msemo uliovuma mwaka 2020 baada ya kura za maoni: wajumbe siyo watu. Mtu anakula kwako, anakuita kiongozi, anakuapia, halafu sanduku linafunguliwa na kura huzioni. Basi na Kanada wana hadithi yao ya namna hiyo, na ilitokea katika mji huu, kwenye ukumbi wa michezo wa Civic Centre pale Lansdowne, mwezi Februari 1976. Chama cha Progressive Conservative kilikuwa kinachagua kiongozi. Flora MacDonald, mbunge wa Kingston, mwanamke aliyeheshimika sana, alikuwa miongoni mwa wagombea. Watu wake walisimama wakawahesabu wajumbe waliokwenda kupiga kura wakiwa wamevaa beji zake. Walikuwa zaidi ya 300. Kura zilipotangazwa, alipata 214. Beji ilikuwa kifuani, mkono ukaandika jina jingine. Mpaka leo watu wa siasa wa hapa wanalitaja jina lake wanapotaka kumwonya mgombea mwanamke anayeshangiliwa na kila mtu. Mimi jambo hilo linanisikitisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu wale waliovaa beji walijua kabisa wanachofanya.

Mkutano huo huo una jambo la pili. Katika duru ya kwanza Claude Wagner alipata kura 531, Brian Mulroney 357, na kijana wa Alberta anayeitwa Joe Clark 277. Nafasi ya tatu! Lakini utaratibu unasema mshindi lazima avuke nusu. Asiyevuka, wa mwisho anatoka, wengine wanajitoa, watu wanapiga tena. Wengi wa waliotoka walitembea, mbele ya kamera, kwenda kwenye kambi ya mgombea mwingine. Flora alitembea kwenda kwa Clark. Duru ya nne ilipokwisha, Clark alikuwa na 1,187 na Wagner 1,122. Tofauti ya kura 65. Miaka 3 baadaye Clark alikuwa waziri mkuu.

Kisa kama hicho kilirudi Montreal, Desemba 2006, kwa Waliberali. Michael Ignatieff, msomi aliyekaa ughaibuni miaka mingi, aliongoza duru ya kwanza kwa kura 1,412. Bob Rae akafuata na 977. Stéphane Dion alipata 856 na Gerard Kennedy 854. Kura mbili, ndugu zangu. Zile kura mbili ndizo zilizoamua nani awe wa tatu na nani awe wa nne, na anayekuwa wa nne ndiye anayesukumwa kuachia ngazi. Baada ya duru ya pili Kennedy alijitoa na kuongoza watu wake kwenda kwa Dion, ukumbi ukabadilika rangi, kijani ya Dion ikatapakaa. Katika duru ya nne Dion akamshinda Ignatieff, 2,521 kwa 2,084. Wajumbe wawili tu, pengine wamechelewa basi, pengine mtoto kaugua nyumbani, na historia ya chama ingeandikwa vingine. Ninaposikia mtu wetu anasema "kura yangu moja itafanya nini", nawakumbuka wale wawili.

Montreal ulikuwa mkutano wa mwisho wa Waliberali wa namna hiyo. Chama cha Parti Québécois kule Quebec kilikuwa kimeshatangulia tangu mwaka 1985: kila mwanachama na kura yake, hakuna mjumbe wa kumsemea. Vyama vya taifa vikafuata kimoja baada ya kingine. NDP nayo, chama kilichozaliwa mwaka 1961 kwa kuunganisha wakulima wa magharibi na vyama vya wafanyakazi, mwaka 2003 ilipomchagua Jack Layton bado ilizitengea jumuiya za wafanyakazi robo ya uzito wa kura. Mwaka 2012, walipomchagua Tom Mulcair, robo hiyo haikuwepo tena. Kila kadi ikawa na uzito mmoja.

Sasa namna kura inavyopigwa. Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu nimeona watu wazima, wenye shahada zao, wanaiharibu karatasi. Huandiki alama moja na kuondoka. Unawapanga wagombea: wa kwanza 1, wa pili 2, wa tatu 3. Mimi nikiwafundisha watu huwa natumia chakula. Tuseme tuko 40 ukumbini na tunachagua chakula kimoja cha sherehe. Mezani kuna pilau, ugali, sombe na matoke. Tunahesabu namba moja za kila mtu: pilau 15, ugali 12, sombe 8, matoke 5. Pilau anaongoza, lakini anahitaji 21, hajafika. Matoke anatoka. Zile karatasi 5 za matoke hazitupwi. Tunaangalia namba 2 yao. Waganda wetu wanne wameweka sombe, mmoja ugali. Sasa pilau 15, ugali 13, sombe 12. Bado hakuna aliyevuka nusu. Sombe anatoka. Katika zile 12, kumi zinakwenda kwa ugali, mbili kwa pilau. Ugali 23, pilau 17. Tunakula ugali.

Najua watu wa pwani hamjafurahi. Lakini mmeona kilichotokea? Pilau aliongoza mpaka mwisho, akaanguka mwisho. Hivyo hivyo ilimpata Maxime Bernier tarehe 27 Mei 2017. Karatasi ya chama cha Conservative ilikuwa na majina 14. Bernier aliongoza duru ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya 12. Duru ya 13, ya mwisho, Andrew Scheer akampita: asilimia 50.95 kwa 49.05. Bernier alikuwa namba 1 ya watu wengi, lakini Scheer alikuwa namba 2, namba 3, namba 5 ya watu wengi zaidi. Mwaka uliofuata Bernier akahama na kuanzisha chama chake. Kwa hiyo ukipewa karatasi usiishie namba 1. Anayeacha nafasi za chini wazi, mgombea wake akishatoka, karatasi yake inanyamaza.

Nimesema tutarudi kwenye neno jimbo. Waliberali na Wahafidhina hawahesabu vichwa tu. Kila jimbo lina pointi 100, liwe na wanachama 2,000 au 200. Ukipata nusu ya kura za jimbo, unapata pointi 50 za jimbo hilo. Mpango huu una sababu yake. Mwaka 2003 vyama viwili vya mrengo wa kulia viliungana kuwa chama cha Conservative cha sasa: Canadian Alliance, kilichokuwa na wanachama tele huko magharibi, na Progressive Conservative, kilichokuwa kimebaki kidogo lakini kimesambaa hadi mikoa ya Atlantiki. Peter MacKay, aliyekuwa kiongozi wa hao wa pili, alisimama kidete majimbo yawe sawa, la sivyo Alberta ingemeza kila mtu. Stephen Harper ndiye kiongozi wa kwanza wa chama hicho kipya kuchaguliwa kwa mpango huo, Machi 2004.

Maana yake kwetu ni kubwa kuliko tunavyodhani. Katika jimbo lenye wapiga kura 1,000 wa chama, kura yako ni sehemu ya kumi ya pointi. Katika jimbo lenye wapiga kura 100, kura yako ni pointi nzima. Mara kumi! Kuna Waswahili wengi wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama vya miji midogo ya Alberta na Manitoba, wengine wako New Brunswick, wengine kaskazini mwa Ontario. Hao ndio wanaojiona wako mbali na kila kitu. Kumbe kwenye hesabu hii wanaweza kuwa na uzito kuliko mimi ninayeishi karibu na Bunge. Wahafidhina waliirekebisha kidogo kanuni yao kabla ya mbio za mwaka 2022: jimbo lisilofikisha kura 100 sasa kila kura inahesabika pointi moja, haizidi hapo.

Je, ni haki? Mimi nina mashaka. Mwaka 2020 Leslyn Lewis, mwanasheria aliyezaliwa Jamaika, mwanamke mweusi ambaye wengi hawakumjua mwanzoni mwa mwaka, aligombea uongozi wa Wahafidhina. Katika duru ya pili alipata kura nyingi kuliko wenzake wote. Kura za watu, vichwa. Lakini kwa pointi alikuwa wa tatu, kwa sababu kule Quebec, ambako majimbo ni mengi na wanachama wachache, hakuwa na nguvu. Akatolewa. Erin O'Toole akashinda duru ya tatu dhidi ya Peter MacKay, yule yule aliyeupigania mpango wa pointi. Sisemi Lewis alidhulumiwa. Kanuni aliijua tangu mwanzo. Nasema tu kwamba watu wa rangi yetu huishi mijini, tumerundikana kwenye majimbo machache, na mpango huu unatupunguza pale tulipo wengi. Hilo ni jambo la kulisemea ndani ya vyama, na huwezi kulisemea ukiwa nje.

Usiku ule wa 2020 ulikuwa mrefu. Corona ilikuwa imesogeza kila kitu kutoka Juni hadi Agosti, kura zimekuja kwa posta. Mashine ya kufungua bahasha ikawa inazichana karatasi zilizomo ndani, maelfu ikabidi yanakiliwe upya kwa mkono huku mawakala wa wagombea wakitazama kila alama. Matokeo yalitoka baada ya saa sita usiku. Nilikaa macho sebuleni, chai imepoa. Nilichokiona cha maana ni kwamba hakuna aliyekubali kuharakisha.

Kuhusu kugombea nitapita haraka. Ni ghali. Waliberali mwaka 2025 walidai dola 350,000 kwa kila anayetaka kusimama. Wahafidhina mwaka 2022 walitaka dola 300,000, sehemu yake ikiwa dhamana ya kurudishwa, pamoja na saini 500 za wanachama kutoka majimbo 30 katika mikoa 7. Kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kuchangia. Mtu mmoja mwaka 2025 alikuwa na kikomo cha dola 1,750 kwa mwaka. Na kamati ya chama ina rungu lake. Mwaka 2022 Patrick Brown aliondolewa kwenye mbio za Conservative karatasi zikiwa zimeshatumwa kwa wanachama, mwenyewe akikana kosa. Mwaka 2025 Waliberali walimkataa mbunge Chandra Arya, wakamwondoa na Ruby Dhalla, mbunge wa zamani. Chama ni klabu yenye katiba yake. Mahakama za hapa huwa haziingilii kirahisi.

Na kumwondoa kiongozi? Joe Clark niliyemtaja, mwaka 1983 kule Winnipeg wanachama walimpa imani kwa asilimia 66.9. Thuluthi mbili! Akaona hazitoshi, akaitisha uchaguzi mpya, akashindwa na Mulroney. Mulcair hakupata hata nafasi ya kuamua: Aprili 2016 kule Edmonton, asilimia 52 ya wajumbe walitaka mbio mpya. Na tangu sheria ya mageuzi iliyoletwa na mbunge Michael Chong ianze kutumika mwaka 2015, wabunge wa chama kilichokubali kuitumia wanaweza kumng'oa kiongozi wao kwa kura ya siri. Tarehe 2 Februari 2022 O'Toole aling'olewa hivyo, 73 kwa 45. Hatamu zikashikwa na kiongozi wa muda mpaka Septemba, Pierre Poilievre alipochaguliwa duru ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 68 ya pointi.

Sasa narudi kwa mzee wangu.

Mzee, uraia hautakiwi. Kwenye uchaguzi mkuu, ndiyo, lazima uwe raia na uwe umefikisha miaka 18. Lakini ndani ya chama cha Conservative, na ndani ya chama cha Liberal, mkazi wa kudumu anaruhusiwa kumchagua kiongozi, na mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa. NDP inapokea wanachama kupitia mikoa, na umri unatofautiana kidogo. Kwa Waliberali kujiandikisha ni bure tangu 2016. Kadi ya Conservative mwaka 2022 ilikuwa dola 15.

Linalotuangusha ni tarehe. Trudeau alitangaza kuondoka tarehe 6 Januari 2025. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ikawekwa tarehe 27 mwezi huo huo. Siku 21! Wakati sisi tunaulizana kwenye makundi ya WhatsApp kama habari ni za kweli, mlango umefungwa. Na kujiandikisha peke yake hakukutosha. Waliojiandikisha walikaribia 400,000, lakini waliokamilisha uhakiki wa vitambulisho ni kama 164,000. Wengine wote majina yao yalikuwepo na kura hawakupiga. Baadhi walishindwa na programu ya simu, baadhi hawakujua kwamba kuna hatua ya pili.

Uhakiki huo uliwekwa kwa sababu. Tume ya Jaji Marie-Josée Hogue, iliyochunguza nchi za nje kuingilia siasa za Kanada, ilionyesha kwamba michujo ya ndani ya vyama ni mahali ambapo mtu wa nje anaweza kupenya. Kwa hiyo nawaambia jambo ambalo nililiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, mgombea simtaji na chama sikitaji, kijana mmoja nadhifu alikuja baada ya ibada na rundo la fomu. Zilikuwa zimeshajazwa. Majina yetu, anwani zetu, sijui aliyapata wapi. Alichotaka ni saini tu, na ada akasema "imeshughulikiwa". Wazee wawili wakaweka saini kwa heshima, kwa sababu mgeni amekuja vizuri. Wiki chache baadaye walipigiwa simu na chama kuulizwa kama walilipa wenyewe, na aibu waliyoipata sitaki mtu mwingine aipate. Ada ya kadi unalipa mwenyewe, kwa fedha yako. Fomu unajaza mwenyewe, au mwanao anakujazia wewe ukiwa umekaa hapo. Anayekulipia kadi amenunua kitu, na kitu hicho ni wewe.

Tukiingia kwa miguu yetu wenyewe, mambo hubadilika. Juni 2024, kule Alberta, chama cha NDP cha mkoa kilimchagua Naheed Nenshi kwa asilimia 86. Wazazi wake walihamia nchi hii kutoka Tanzania. Alikuwa ameshakuwa meya wa Calgary miaka 11. Kabla ya mbio zile chama kilikuwa na wanachama kama 16,000. Siku daftari linafungwa walizidi 85,000. Wale wapya walitiwa chamani na majirani, na wafanyakazi wenzao, na watoto wao waliorudi nyumbani na simu mkononi wakisema, mama, kaa hapa, ni dakika kumi.

Pale mlangoni kuna meza. Vijana wawili wamekaa na kompyuta, wana orodha ya vyama vyote, hawatakuuliza unampenda nani na usiwaambie. Watakuonyesha jimbo lako kwa kutumia namba ya posta, na vitambulisho vipi chama kinataka. Chama chagua mwenyewe.

Nimalizie na mama mmoja wa kwetu, jirani yangu. Februari ile ya 2025, theluji imefika magotini, nilimpeleka posta kuhakikiwa. Alikuwa amevaa koti la mwanawe, na vitambulisho amevifunga ndani ya leso, leso ndani ya mkoba. Yule dada wa kaunta aliviangalia kimoja kimoja, akabonyeza, akamrudishia. Mama akaniuliza, "Ndiyo basi?" Ndiyo basi. Jioni moja mwanzoni mwa Machi akapiga kura mezani kwake, mjukuu anasoma majina manne, yeye anataja namba, 1, 2, 3, 4, na kila akitaja anamwambia mjukuu asome tena ahakikishe. Tarehe 28 Aprili hakuruhusiwa kupiga kura. Uraia wake ulikuwa bado. Alimsindikiza mwanawe mpaka kwenye kituo, pale shuleni, akamngoja nje kwenye benchi. Mwanawe alipotoka na kumwomba radhi kwa kumweka kwenye baridi, mama akamwambia, "Wewe umepiga leo. Mimi nilipiga mwezi wa tatu."

Asanteni sana. Meza iko pale.